Kaya ya Upare na mgogoro wa mbiru

Kaya ya Upare na mgogoro wa mbiru ni sura ya historia ya Milima ya Pare, kaskazini mwa Tanganyika, katika miaka ya 1940, Vita Kuu ya Pili ikielekea kumalizika. Eneo la mgogoro huo lilijumuisha Upare Kaskazini.

Chanzo kilikuwa kodi mpya, iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyozoeleka. Watu hawakukubali mifugo na mashamba yao yapimwe thamani. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kushinikiza ifutwe.

Nyumbani mambo yalipinduka. Mke alibaki na watoto, migomba na shamba, na kazi za mume zikamwangukia yeye. Hapa ndipo uzito wa mgogoro ulipo, maana mzigo mkubwa ulibebwa jikoni na shambani.

Wanawake hawakunyamaza. Ofisa wa serikali alipofika Usangi, Upare Kaskazini, walimkabili: amalize suala la kodi waume warudi, la sivyo awape mimba wao wote! Lilikuwa dai la ujasiri mkubwa.

Baadaye kodi hiyo iliondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliuandikia mgogoro huo kitabu mwaka 1971.