Seiko: Nyumba ya Hattori

Katika mtaa wa Kyobashi, Tokyo, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la bidhaa za kigeni alipenda kulitazama duka la saa lililokuwa jirani. Inasimuliwa kwamba siku za mvua wateja walipotea, wenye maduka wakakaa mikono mitupu, lakini muuza saa alikuwa ameinamia meza yake akitengeneza saa za watu. Kijana huyo, Kintaro Hattori, aliyezaliwa mwaka 1860, akaona kuwa saa ina riziki mbili: unaiuza leo, na kesho inarudi kutengenezwa. Akajifunza ufundi, na mwaka 1881, akiwa na miaka 21, akafungua duka lake. Hapo ndipo ilipoanzia Seiko.

Nyakati zilimfaa. Wajapani wa zamani waliugawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, na mafungu hayo yalirefuka na kufupika kwa kufuata jua. Tarehe 1 Januari 1873 serikali ikahamia kalenda ya Magharibi na siku ya saa 24 zilizo sawa. Saa za kale zikakosa kazi, na reli, shule na ofisi zikahitaji mpya. Nyingi ziliagizwa kupitia makampuni ya wageni yaliyokuwa Yokohama. Wafanyabiashara wenyeji walizoea kusubiri katikati au mwisho wa mwaka ndipo walipe madeni. Hattori alilipa siku waliyoagana. Basi wageni wakamwamini, wakampa mzigo mzuri kabla ya wengine. Historia nyingi za kampuni hii hukimbilia mitambo, lakini mimi naona mtaji wake wa kwanza ulikuwa uaminifu.

Mwaka 1892, akishirikiana na fundi hodari Tsuruhiko Yoshikawa, Hattori alianzisha kiwanda cha Seikosha na kutoa saa za ukutani. Miaka mitatu baadaye ikaja saa ya mfukoni, Timekeeper, na mwaka 1913 ikaja Laurel, saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa Japani. Mwanzoni kiwanda kilimudu kutoa 30 hadi 50 tu kwa siku.

Tarehe 1 Septemba 1923, muda mfupi kabla ya adhuhuri, tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na Yokohama, na moto uliofuata ukateketeza kiwanda. Ndani yake zilikuwamo saa kama 1,500 ambazo wateja walikuwa wamezileta kutengenezwa. Hattori, mtu wa zaidi ya miaka 60 ambaye mali yake ilikuwa majivu, alitangaza magazetini kuwa kila aliyepoteza saa yake humo aje apewe nyingine mpya ya kiwango kilekile, bila malipo. Sijui kipimo kikubwa zaidi ya hicho cha kumpima mfanyabiashara. Kabla ya mwaka 1924 kwisha, kiwanda kilikuwa kimetoa saa ya mkono iliyobeba usoni, kwa mara ya kwanza, jina la Seiko.

Mzee Hattori alifariki mwaka 1934. Baada yake kampuni ilipata sura iliyoipa nguvu kuliko kitu kingine chochote: ilikuwa na viwanda viwili vya saa za mkono vilivyoshindana kama mahasimu. Kimoja, Daini Seikosha, kilikuwa Kameido, Tokyo. Cha pili kilikulia Suwa, mji wa kando ya ziwa katika milima ya Nagano. Chimbuko lake lilikuwa karakana ndogo iliyofunguliwa mwaka 1942 katika ghala la kuhifadhia miso. Suwa ilipotoa Grand Seiko mwaka 1960, Daini ilijibu mwaka uliofuata kwa King Seiko. Mwaka 1964 vyote viwili vilipeleka saa kwenye mashindano ya usahihi ya Neuchâtel, Uswisi. Saa bora ya Suwa ilishika nafasi ya 144, ya Daini nafasi ya 153. Hawakurudi nyuma. Mwaka 1967, katika orodha ya makampuni ya mashindano hayo, Daini ilikuwa ya pili na Suwa ya tatu.

Huko Suwa kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 saa ya kwatzi, inayopima muda kwa mtetemo wa kipande cha kwatzi, ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Kwa Olimpiki ya Tokyo ya 1964 mafundi waliifikisha kilo 3, ikabebeka. Tarehe 25 Desemba 1969 ikauzwa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi duniani kuingia sokoni, kwa yen 450,000, fedha ya kununulia gari dogo. Ndani yake kipande cha kwatzi kilitetemeka mara 8,192 kwa sekunde. Saketi iliigawa hesabu hiyo nusu kwa nusu, mara 13, mpaka ikabaki pigo moja kwa sekunde, na mota ndogo ikausogeza mshale wa sekunde hatua moja kisha ikapumzika, betri isiishe upesi. Ilikosea kama sekunde 5 kwa mwezi, wakati saa nzuri ya springi ingeweza kukosea hivyo kwa siku moja. Waswisi nao walikuwa na kwatzi yao maabara, lakini walichelewa sokoni. Ajira katika viwanda vyao vya saa zilishuka kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Huku kwetu, hata hivyo, jina la Seiko lilijengwa na saa nyingine, Seiko 5, iliyotoka mwaka 1963. Ndiyo iliyokuwa mkononi mwa baba, mwalimu na dereva. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba zilikuwa na siku za wiki kwa Kiarabu pia. Ifungue kifuniko cha nyuma: utaona nusu duara la chuma likizunguka kila mkono unapotikisika. Chini yake kuna kijiti chenye makucha mawili. Moja huvuta gurudumu, jingine hulisukuma, hivyo springi hujaa chuma kikienda kulia au kushoto. Vipande ni vichache, imara, na fundi saa mwenye meza kando ya barabara anaweza kuvisafisha na kuvirudisha. Uvumbuzi wa kijiti hicho, wa mwaka 1959, nauheshimu sawa na Astron, maana uliwafikia watu wasioweza kununua dhahabu.

Mhandisi Yoshikazu Akahane wa Suwa alianza mwaka 1977 kutafuta saa inayoendeshwa na springi lakini inayodhibitiwa na kwatzi. Saa hiyo, Spring Drive, iliuzwa mwaka 1999, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwaka 2017 Grand Seiko ikawa chapa inayojitegemea. Saa zake za kimakanika zinatengenezwa Shizukuishi, mkoa wa Iwate, na warithi wa Daini. Za Spring Drive na kwatzi zinatengenezwa Shiojiri, Nagano, na warithi wa Suwa.