Fedha Iuayo Vijidudu: Historia ya Maumbo Yake na Suala la Istilahi Gitega na Muyinga

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno fedha lina maana mbili: madini meupe yang'aayo, na pesa. Kifaransa, ambacho hutumika sana katika maandishi ya tiba nchini Burundi, kina utata uleule katika neno argent. Kirundi kimeuepuka. Madini ni ifeza, neno lenye asili moja na fedha yetu. Pesa ni amahera, kutokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyotupatia pia hela. Mgawanyo huo una historia yake. Wajerumani walipohamishia Gitega makao yao ya utawala mwaka 1912, rupia ya fedha iligawanywa katika heller 100, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wafanyabiashara. Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, mawasiliano ya aina hiyo yanaendelea hadi leo kupitia Kobero.

Hata hivyo, upo utata wa pili ambao Kirundi nacho hakijauondoa: kuita kwa jina moja maumbo ya fedha yanayotofautiana kwa nguvu ya kuua vijidudu. Makala hii inadai kuwa utata huu ndio wenye hatari zaidi.

2.0 Maumbo na Nguvu Zake

Mwaka 1869, Mfaransa Jules Raulin alibaini kwamba ukungu uitwao Aspergillus niger haukuweza kuota katika chombo cha fedha. Mwaka 1893 yalichapishwa maandishi ya Carl Nägeli yaliyoonesha kuwa kiasi kidogo mno cha metali iliyoyeyuka majini hutosha kuua mwani.

Tiba, kwa upande wake, ilianza na chumvi ya fedha. Carl Credé wa Leipzig alitangaza mwaka 1881 matumizi ya matone ya nitrati ya fedha ya asilimia 2 katika macho ya watoto wachanga. Maambukizi katika wodi yake yalishuka kutoka takriban mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Lakini nitrati huwasha macho, na ikizidi huunguza. Mwaka 1897 mwanawe, Benno Credé, alileta fedha koloidi, yaani chembe ndogo sana zinazoelea katika maji, iliyo pole zaidi. Mwaka 1968 Charles Fox alianzisha sulfadiazini ya fedha, malhamu ya majeraha ya moto.

Ni umbo gani linaloua zaidi? Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionesha kuwa chembe nano za fedha zikiwekwa pasipo oksijeni, hivyo zisiweze kutoa ayoni, haziui bakteria. Muuaji, basi, ni ayoni. Kwa uzito uleule, nitrati hutangulia kwa kuwa ayoni zake huachiliwa mara moja; chembe nano hufuata, kwa kutegemea udogo wake; kipande cha metali huwa cha mwisho. Lakini ayoni zikikutana na chumvi ya kawaida hugeuka kloridi ya fedha isiyoyeyuka kwa urahisi, na nguvu hupungua. Aidha, katika vyungu vya kuchujia maji, nitrati huelekea kuoshwa upesi, ilhali chembe nano hudumu zaidi. Aliye wa kwanza kwa kasi si lazima awe wa kwanza kwa kudumu.

3.0 Hitimisho

Anayeambiwa tu kuwa "fedha huua vijidudu" anaweza kuhamisha sifa ya matone ya Credé hadi kwenye chupa ya fedha koloidi ya kunywa. Mwaka 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kuwa dawa za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitika kuwa salama wala kuwa na manufaa. Unywaji wa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu daima.

Tunapendekeza istilahi tofauti: fedha metali, fedha koloidi, nitrati ya fedha na ayoni za fedha, pamoja na wenzo wake wa Kirundi chini ya ifeza. Warundi walikwisha kutenganisha madini na pesa. Hatua inayobaki ni kutenganisha kinachotibu jicho, kinachosafisha maji na kisichopaswa kunywewa.