Kupima programu mpya kwa maombi ya kweli: namna inafanyika na hatari yake

Huduma ya kutuma feza kwa simu haitumiki na programu moja tu. Mara nyingi ni programu ndogo nyingi zinazoulizana na kujibiana. Ili kusimamia mazungumzo hayo, mafundi wengine wanatumia Istio, iliyotangazwa mwaka 2017 na Google, IBM na Lyft. Kando ya kila programu inaweza kuweka mlinda mlango anayeitwa Envoy. Maombi yanapita kwake.

Toleo jipya likiwa tayari, Envoy anaweza kulitumia nakala. Mteja akiuliza salio lake, toleo la zamani ndilo linamjibu. Nakala ya ombi lake inaenda kwa toleo jipya, lakini jibu la hilo linatupwa. Mteja haone tofauti. Mafundi wanachagua kutoa nakala ya maombi yote ao sehemu, mfano 10 kwa 100, kisha wanatazama kama toleo jipya linakosea ao linachelewa.

Hatari iko hapa: jibu linatupwa, lakini kazi inafanyika. Mtu akituma franka 10 000, na matoleo yote mawili yanaandika katika daftari moja la kweli, franka 20 000 zinaweza kutoka. Juu ya hiyo, toleo jipya linapashwa kuwa na daftari lake la majaribio.

Tena, nakala inabeba namba na siri za mteja. Inapashwa kulindwa sawa na ombi lenyewe.