Kambi Ikivunjwa, Mtoto Anapokelewa na Nani?

Mpira wa kikapu ulizaliwa darasani. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA cha Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu kijana kutoka Kanada, James Naismith, alikabidhiwa darasa la wanaume lililokuwa limewashinda walimu wengine. Baridi iliwafungia ndani. Msimu wa futiboli ya Kimarekani ulikuwa umekwisha, wa besiboli haujafika, na mazoezi ya viungo ya kuhesabiwa moja, mbili, tatu yaliwachosha. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa wiki mbili abuni kitu. Naismith akatundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 pande mbili. Mchezo huu, basi, ulitungwa na mwalimu kuziba pengo la kalenda.

Leo Wamarekani wanautumia kuziba pengo jingine. Shule zao nyingi hufungwa kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti, na katika miji mingi utakuta programu za kiangazi za wanafunzi wa shule za kati, watoto wa miaka 11 hadi 14: asubuhi hisabati na kusoma, chakula cha mchana, kisha uwanjani. Msomaji wa huku kwetu akisikia hivyo atakumbuka kitu anachokijua. Nasi tulikuwa na utaratibu, na kwingine bado upo, wa kuwachukua watoto wa umri huohuo, kuwatoa katika siku za kawaida kwa msimu mmoja, na kuupa mwili mitihani huku kichwa kikipewa mafunzo. Nazungumzia jando na unyago. Ukiziweka mila hizi ana kwa ana, unaona jambo ambalo ratiba ya kambi hailionyeshi, nalo linahusu siku ya kufunga kambi kuliko siku ya kuifungua.

Tuanze na hofu iliyozaa programu za Marekani. Wengi huamini kwamba likizo yao ndefu ni urithi wa mashamba. Sivyo. Katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini zilifundisha kiangazi na wakati wa baridi, zikafungwa msimu wa kupanda na wa kuvuna. Waliofunga shule kiangazi ni watu wa mijini, kwa sababu ya joto, na kwa sababu wenye uwezo walikuwa wakiuhama mji miezi hiyo. Watoto wa wasio na uwezo walibaki mitaani, na ni watoto wa aina hiyohiyo wanaozungumziwa hadi leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Karl Alexander na Doris Entwisle, waliwafuatilia watoto wa Baltimore walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Wakaona kwamba shule zikiwa wazi, mtoto wa maskini na wa mwenye nacho huenda karibu mwendo mmoja; zikifungwa, wa mwenye nacho huendelea kupanda na wa maskini husimama au kurudi nyuma. Watafiti wa baadaye, akiwemo Paul von Hippel, walipopima kwa mitihani mipya hawakuona pengo kubwa namna hiyo, na ubishi haujaisha. Lakini mama anayefanya kazi zamu mbili hangoji ubishi uishe ndipo atafute mahali pa kumweka mwanawe.

Ugumu ni kwamba kumwandikisha mtoto ni kazi moja, na mtoto kufika ni kazi nyingine. Taasisi ya RAND ilipochunguza programu za kiangazi katika wilaya tano za shule, zikiwemo Boston, Dallas na Pittsburgh, iligundua kwamba walionufaika hasa, tena katika hisabati, ni waliohudhuria siku 20 au zaidi. Baadhi ya walioandikishwa hawakutokea hata siku moja. Na watoto wa utafiti huo walikuwa wadogo, waliomaliza darasa la tatu, ambao mzazi bado anaweza kuwashika mkono na kuwapeleka. Mtoto wa miaka 12 anajiamulia mengi. Haamki alfajiri ya likizo kwa ajili ya sehemu na uwiano. Kwa ajili ya mpira anaamka, na aliyeubeza mpira kama porojo ya kupotezea muda hajawahi kupigwa na ukimya wa darasa lisilo na watu.

Tena mpira ukishikwa na mwalimu anayejua kazi, unaingia ndani ya somo lenyewe. Chukua msichana wa darasa la saba aliyesimama kwenye mstari wa mtupo huru. Anarusha mara 20, mwenzake anaandika: umeingia, umetoka, umeingia. Jumla 13. Kumi na tatu kwa ishirini ni asilimia 65. Anachora duara na kupaka rangi sehemu yake: asilimia 65 ya nyuzi 360 ni nyuzi 234. Kesho anarusha tena 20, inaingia 9 tu. Je, mkono umeharibika, au mitupo 20 ni michache mno kuamulia? Wakirusha 200 kwa wiki nzima, duara litatulia wapi? Uwiano na asilimia ndiyo kiini cha hisabati ya darasa la sita na la saba kule Marekani, na hapa mtoto anaibishania kwa sababu namba ni za kwake mwenyewe.

Programu inapoharibika, mara nyingi inaharibikia kwa watu wake. Asubuhi kuna walimu, mchana kuna makocha, na makundi hayo mawili yanakutana mlangoni tu. Mwalimu wa asubuhi hajui nani anaweza kutupa kwa mkono wa kushoto. Kocha wa mchana hajui nani hajui kusoma vizuri, au anajua na analitumia kama adhabu: hukumaliza daftari, leo huchezi. Mtoto ana akili. Anaelewa upesi kwamba kitabu ni kodi na mpira ndio mali.

Harlem iliwahi kuwa na mtu aliyelifanya jambo hili kwa namna nyingine. Holcombe Rucker alikuwa mfanyakazi wa idara ya bustani za umma ya jiji la New York, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kuendesha mashindano ya mpira wa kikapu ya kiangazi kwa watoto wa mtaani. Baadaye akawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kati palepale Harlem. Aliwataka wachezaji wake wamwonyeshe ripoti zao za shule, akakaa nao pembeni mwa uwanja akipitia alama na sarufi, na akawatafutia wengi nafasi za kusoma vyuoni. Mashindano yakavutia hata wachezaji wakubwa. Wilt Chamberlain alicheza huko. Rucker alifariki kwa saratani mwaka 1965, hajafika miaka 40. Mwaka 1974 uwanja ulioko barabara ya 155 ulipewa jina lake, na unajulikana duniani kote kwa mpira wa mbwembwe. Zile ripoti za shule hazikupata uwanja.

Ninachokiona kwa Rucker ni kwamba kiangazi chake hakikuwa na mwisho. Agosti ikiisha, mtoto aliyemwona uwanjani alimkuta darasani, au alipishana naye dukani. Aliyempeleka kambini ndiye aliyempokea. Programu zilizokuja baadaye zilipata fedha na majengo kuliko yeye. Mpango wa kitaifa wa michezo ya vijana ulioanzishwa mwaka 1968 na serikali ya Marekani pamoja na NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya nchi hiyo, ulifungua kampasi za vyuo vikuu wakati wa kiangazi kwa watoto wa miaka 10 hadi 16 kutoka familia maskini: michezo, mafunzo, mlo wa moto, uchunguzi wa daktari. Ni jambo jema, na lilidumu zaidi ya miaka 30 hadi fedha za serikali zilipokatwa. Lakini kampasi haiko mtaani kwa mtoto, na Septemba mwalimu wake mpya hana habari kwamba Julai mtoto huyu alijifunza kitu.

Sasa tuangalie jando. Mfaransa Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu mila za kuvuka rika, alizigawa mila hizi katika hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, na kurudishwa. Wazee wa kwetu hawakumhitaji kujua hilo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwishaeleza jando la Waswahili katika desturi zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na kwa Wayao na Wamakonde wa kusini utaratibu ulikuwa wa kufanana kwa mengi. Mavuno yakishaingia ghalani, wavulana walipelekwa kumbi, nje ya kijiji. Huko walitahiriwa, wakafundishwa nyimbo zenye mafumbo, heshima kwa wakubwa, kuvumilia njaa, baridi na maumivu bila kulia. Kila mmoja alikuwa na kungwi wake au mlezi wake. Hakuna aliyefikiri kwamba wimbo ni somo na uvumilivu ni michezo, kila kimoja kwa saa yake.

Kisha ikaja hatua ya tatu, na ndiyo inayonishika. Wari, ndivyo walivyoitwa vijana hao, wakipona, kumbi lilichomwa moto, wakanyolewa, wakaogeshwa, wakavishwa nguo mpya, wakarudi kijijini kwa ngoma na vigelegele. Wengi walirudi na majina mapya. Kijiji kizima kilikuwa kimejiandaa, na kuanzia siku hiyo kila mtu aliwachukulia tofauti: mama hakumtuma tena mwanawe kama mtoto, baba alimkalisha barazani. Kungwi hakupotea pia. Alibaki mtu wa palepale, na akikutana na mwari wake njiani miaka 10 baadaye alikuwa na haki ya kumkemea.

Sisemi turudi kumbini. Wapo vijana waliokufa kwa vidonda, na mafunzo ya unyago yamewapeleka wasichana wengi kwenye ndoa kabla hawajamaliza darasa la saba. Hayo ni makosa mazito na sitayatetea. Lakini kupokelewa ni jambo ambalo mila hii ilikuwa imelielewa kuliko kambi yoyote ya kiangazi niliyoisoma.

Senegal imechukua njia ya tatu. Amadou Gallo Fall alianzisha mpango wa SEED mwaka 1998, na akademia yake iliyoko Thiès huwapa vijana bweni, masomo na mpira wa kikapu mwaka mzima. Gorgui Dieng alipita hapo, akaenda Chuo Kikuu cha Louisville, na mwaka 2013 akachaguliwa NBA. Hapa mwalimu na kocha wako chini ya paa moja, na hilo ni kubwa. Ila mlango wa kutokea unaelekea ng'ambo. Sisi tunaijua safari hiyo: Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akiwa kijana wa sekondari, akamalizia shule Houston, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA nzima. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini aendaye huko ni mmoja, na uwanja una watoto 40. Mafunzo yaliyopimwa kwa aliyeondoka hayawaambii kitu waliobaki. Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, anaendesha kambi za Giants of Africa tangu 2003, na huko anahimiza ukweli, kuwahi na kumheshimu mwanamke kwa nguvu ileile ya kufundisha mpira. Mwelekeo huo naupenda, kwa sababu hayo yanamfaa hata atakayebaki mfupi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekaa kinyume na Marekani. Wao wanahangaika kumpatia mtoto masomo likizoni. Kenya ilipiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ili mtoto apumzike. Tanzania, Juni inapofika, watoto wa darasa la saba katika baadhi ya shule huwekwa kambi za kitaaluma wakijiandaa na mtihani wa Septemba. Wenye vipaji vya miguu na mikono nao huitwa kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, na neno taaluma limo ndani ya jina la umoja huo. Kumbe sharti gumu kuliko yote, la mtoto kupokelewa na aliyemfundisha, tayari tunalo: anayefundisha kambi ya darasa la saba ni mwalimu wa shule ileile, na makocha wa timu za shule za msingi ni walimu wenyewe. Shule ikifunguliwa Julai wapo, na majina ya watoto wanayajua. Kinachokosekana ni kwamba makundi haya mawili hayakutani. Wa kambi ya masomo wanakaa dawatini hadi jioni, na wa michezo wanarudi na kikombe huku madaftari yao yamepitwa na mada tatu. Nguzo mbili zenye ringi, sakafu ya saruji na mipira minne si gharama ya kuitisha mfadhili kutoka nje. Mwalimu mkuu anayetaka kujaribu Juni ijayo ampe mwalimu wa hisabati filimbi, ampangie saa 10 jioni uwanjani na watoto walewale aliowafundisha asubuhi, na siku ya kufunga kambi awaite wazazi waje kusikia kila mtoto akisoma namba zake mwenyewe.