Saa ya Wundt, Kondoo wa Ibn Sina

Mwaka 1874 wachapishaji wawili wa Leipzig walitoa vitabu viwili kuhusu elimu ya nafsi. Kimoja kilikuwa cha Wilhelm Wundt, daktari aliyewahi kuwa msaidizi wa Helmholtz huko Heidelberg. Cha pili kilikuwa cha Franz Brentano, aliyeacha upadri mwaka uliotangulia baada ya kulikataa fundisho kwamba Papa hawezi kukosea. Lugha moja, mji mmoja, mwaka mmoja. Nasaba za mawazo ni mbali kabisa.

Wundt alirithi ugomvi na Kant. Mwaka 1786 Kant aliandika kwamba elimu ya nafsi haitafikia kuwa sayansi kamili, kwa kuwa mambo ya ndani hayaingii kwenye hesabu. Herbart, aliyekalia kiti chake Königsberg kuanzia 1809, alimjibu kwa milinganyo tele, ila hakupima chochote. Fechner akapima hisi, akachapisha matokeo yake 1860. Wundt akaleta saa. Katika maabara yake ya Leipzig, inayohesabiwa kuanza 1879, mtu aliketi kidole kikiwa juu ya kitufe. Sauti ikilia, mshale wa kronoskopu ya Hipp unaondoka. Akiinua kidole, unasimama, na sehemu za elfu za sekunde zinasomeka pale pale. Halafu anaambiwa: safari hii usiinue mpaka uwe umeitambua sauti. Toa muda wa kwanza katika wa pili, kinachobaki kikahesabiwa kuwa ndio muda wa kutambua. Kutoa kwa darasa la pili, na akili ya mtu ikapata urefu!

Brentano hakupitia kwa Kant. Alianza na Aristotle, mada ya tasnifu yake ya 1862, kisha wanazuoni wa Kilatini. Swali lake halikuwa kutambua kunachukua muda gani, bali tendo la nafsi linatofautianaje na jiwe. Akajibu: kusikia ni kusikia kitu, kuchukia ni kuchukia kitu, jiwe halielekei popote. Mwelekeo huo aliueleza kwa msamiati wa Kilatini unaotokana na neno *intentio*, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapaswa kusogeza kiti. Watafsiri wa Toledo katika karne ya 12 walilitumia neno hilo kutafsiri *ma'na* katika kitabu cha Ibn Sina kuhusu nafsi. Ni maana hii hii yetu, na nafsi hii hii.

Mfano wa Ibn Sina ni wa zizini. Kondoo anamwona mbwa mwitu. Rangi na umbo anavipata kwa macho, lakini uadui hauna rangi. Hata hivyo anaujua, na anakimbia. Uadui ule ndio *ma'na*. Kronoskopu ingetuambia kondoo alichelewa kiasi gani kuruka, isingetuambia alimkimbia nini.

Nisimwonee Wundt, ingawa wengi humwacha pale pale mezani na saa yake. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba fikra za juu hazitoshi maabarani. Hujidhihirisha katika lugha, visasili na desturi za watu wanaoishi pamoja. Kuanzia 1900 hadi alipofariki 1920 aliyaandikia hayo majuzuu kumi. La kwanza lilihusu lugha.