Mimea Mitatu ya Mazulia ya Yunikoni
Mazulia ya ukutani yanayoonyesha msako wa yunikoni, mnyama wa hadithi mwenye umbo la farasi na pembe moja, yalifumwa kati ya 1495 na 1505 hivi na sasa yamehifadhiwa katika makumbusho ya The Cloisters, New York. Rangi zake nyingi zilitokana na mimea mitatu tu, nayo ingali ikipandwa katika bustani ya makumbusho hayo: mizizi ya Rubia tinctorum ilitoa nyekundu, Reseda luteola manjano, na majani ya Isatis tinctoria buluu.

Kwa nyekundu na manjano, nyuzi za sufu na hariri zililowekwa kwanza katika maji ya shabu, chumvi ya madini inayoishikisha rangi kwenye uzi. Buluu haikuhitaji shabu, kwani uzi ulitoka katika pipa la majani yaliyochachushwa ukiwa wa kijani-manjano, ukageuka buluu mara ulipopigwa na hewa. Kijani kilipatikana kwa kuchanganya manjano na buluu juu ya uzi uleule. Na kwa kuwa manjano hufifia mapema kwa mwanga, miti ya buluu inayoonekana katika mazulia mengi ya zama hizo si ubunifu wa msanii, bali ni kazi ya jua.