Waziri Mwenye Dhamana ya Magereza na Mipaka ya Dhamana Yake: Mfano wa Jinja na Mbale

Katika sehemu kubwa ya miaka ya uhuru wa Uganda, dhamana ya magereza imekuwa mikononi mwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kirinya, kando ya Ziwa Victoria mjini Jinja, na Maluku mjini Mbale ni magereza yanayotajwa kila dhamana hiyo inapozungumziwa katika mashariki ya nchi. Hata hivyo, hadi mwaka 2006 waziri huyo hakuwa na kauli juu ya kila mfungwa wa eneo hilo.

Sababu ni kwamba tangu enzi za ukoloni palikuwa na magereza ya aina mbili. Sambamba na yale ya serikali kuu yalikuwapo ya tawala za wilaya, yaliyokua pamoja na mamlaka ya machifu na baadaye yakasimamiwa na wizara ya serikali za mitaa. Mwanakijiji aliyaita yote kwa jina moja, ekkomera, neno lenye uhusiano na kuzungushia ua. Kwake ua ulikuwa mmoja. Serikalini ulikuwa na wenyewe wawili.

Tofauti hiyo iliwaumiza zaidi walioshindwa kulipa kodi ya kichwa, iliyotozwa kwa ngazi kulingana na makadirio ya mali ya mtu. Makadirio yalifanywa na watu wa karibu, na chuki za karibu ziliingia humo. Januari 1960 wananchi wa Bukedi, wilaya jirani na Mbale, waliwaasi machifu kwa sababu ya kodi hiyo, na damu ikamwagika. Bado kodi ilibaki, na aliyeshindwa kuilipa alipelekwa katika gereza la wilaya, ambako kulimishwa mashamba lilikuwa jambo la kawaida.

Linganisha na wafungwa wenye majina. Februari 1966 Milton Obote aliwakamata mawaziri wake watano katika kikao cha baraza, miongoni mwao Mathias Ngobi wa Busoga na Balaki Kirya wa Bukedi. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Basil Bataringaya, aliyewahi kuongoza upinzani bungeni. Wote watano walikaa kizuizini hadi 1971. Lakini walikuwa na mawakili, na shauri lao lilifika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Walijua wamshtaki nani. Mkulima wa Bugisu aliyefungwa kwa kodi hakuwa na wakili, na waziri wa magereza angeweza kujibu, bila kusema uongo, kwamba mtu huyo si wake.

Katiba ya 1995, ibara ya 215, ilianzisha Idara ya Magereza ya taifa, na ibara iliyofuata ikaweka uteuzi wa mkuu wake kwa Rais kwa idhini ya Bunge. Magereza ya wilaya yaliendelea kuwa nje ya idara hiyo kwa miaka kumi na moja zaidi. Kodi ya kichwa ilisimamishwa 2005. Mwaka uliofuata sheria mpya ya magereza ikayaunganisha yote. Waziri wa Mambo ya Ndani akapokea majengo, mashamba, askari na wafungwa waliokuwamo. Waliofungwa kwa kodi walikuwa wamekwisha kurudi makwao.